Rangi za Baiskeli, Jahazi la Ndala

Anayetoka mjini Pangani kwenda Ushongo huvuka mto kwa pantoni mpaka Bweni, kisha hushika njia ya kusini, na kabla hajaenda mbali hupita Kikokwe. Hapo ndipo mkonge ulipoanza nchini. Mwaka 1892 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida. Vilizungushwa mpaka Hamburg, vikasota melini, na vilivyofika Pangani mwaka 1893 vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yalitanda mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe na Tanga nzima, hata ilipofika mwaka 1964 nchi ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kila ekari ya mkonge ilianza kwa panga na moto, kwa kuwa mkonge haulimwi chini ya miti. Kinu nacho kilitaka maji mengi ya kusukuma makapi, na makapi yalikuwa karibu jani zima: singa zinazouzwa hazizidi asilimia nne au tano ya uzito wa jani linaloingia kwenye korona, mashine ya kukamua singa, na kilichobaki kilitiririkia mtoni. Sura hii inahusu sanaa, na msomaji ana haki ya kuuliza mkonge umeingiaje. Umeingia kwa mlango wa kibarua. Mchoraji wa Tanzania anayejulikana kuliko wote alipitia katika mashamba hayo kabla hajashika brashi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, na katika miaka ya 1950 alikuja Tanga kutafuta kazi kwenye mkonge, kama walivyokuja maelfu ya vijana wa kusini zama za manamba. Kutoka hapo alihamia Dar es Salaam, akaishi kwa vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora na kuuza picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Uchoraji wake ulidumu miaka minne, na katika miaka hiyo minne aliacha mtindo ambao leo unabeba jina lake kuanzia Msasani hadi Nungwi. Picha zake nyingi zina mpango mmoja: ubao wa mraba, mnyama mmoja katikati, rangi bapa nyuma yake, labda na tawi au ndege. Kuna chui, fisi, nyati, tembo. Shamba halimo, reli haimo, na mara nyingi hata mtu hayumo.

Watu wamezisoma picha hizo kwa namna mbili, na zote mbili naziona pungufu. Wapo wanaoona humo Afrika ya asili, pori lisiloguswa, furaha ya mtu aliyekulia karibu na wanyama. Wapo wanaoona bidhaa ya watalii na mabalozi, mnyama aliyewekwa fremu kwa sababu mnyama ndiye aliyekuwa na soko. Wote hao wanatazama kilichochorwa. Hawatazami kilichochorewa. Tingatinga alichora juu ya silingi bodi, zile mbao nyembamba za dari, kwa rangi ya kung'aa iliyokusudiwa baiskeli. Mbao hizo ni nyuzi za mti uliosagwa na kukandamizwa kiwandani. Rangi ile ni kazi ya kemia, yenye kuyeyushwa kwa vimiminika vya petroli. Kwa hiyo chui wa Tingatinga amesimama juu ya msitu uliokwisha kusagwa, amepakwa mafuta yaliyochimbwa, na aliyemchora ni mtu aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo msitu uling'olewa kupisha zao la kusokota kamba. Pori liko kwenye mchoro, na habari za kilicholipata pori zimekaa kwenye ubao.

Dai langu katika sura hii linatokana na hapo. Sanaa ya pwani yetu imesema mengi na ya kweli kuhusu mkono wa binadamu juu ya maumbile, ila mara nyingi imeyasema kwa malighafi yake kuliko kwa picha yake. Tukiikagua kwa kuuliza inaonyesha nini, tutaambulia mapambo. Tukiuliza vitu vyake vimetoka wapi, vilikuwa na bei gani na vitaishia wapi, tutapata ushahidi ambao hata ripoti za idara huwa hazina.

Pingamizi la kwanza liko wazi. Tingatinga hakuchagua silingi bodi ili atoe hoja. Alichukua kilichokuwa rahisi. Kitambaa cha kuchorea na rangi za wasanii vilikuwa ghali, rangi ya baiskeli ilipatikana dukani. Nakubali, tena naongeza kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa aliwaza habari za misitu. Lakini urahisi wenyewe ndio habari. Bei ya kitu hueleza uchumi umekijaza wapi na umekikausha wapi. Msanii mwenye fedha anaweza kuagiza malighafi kutoka popote, na kazi yake ikatuambia ladha yake tu. Msanii asiye na fedha analazimika kuokota kile ambacho jamii yake imekizalisha kwa wingi kiasi cha kukidharau, na hapo kazi yake inakuwa sampuli ya zama zake, atake asitake. Nia ya mchoraji ina thamani katika mambo mengine. Katika hili nadhani imetukuzwa kupita kiasi, hasa na wenye majumba ya maonyesho, ambao hawawezi kuuza picha bila maelezo ya ukurasa mzima.

Kipimo hiki kinafaa pia nje ya fremu. Tuchukue ngalawa, kwa kuwa Ushongo ni kijiji cha wavuvi na ngalawa ndiyo kazi ya mikono inayoonekana zaidi pale ufukoni. Mwili wake ni gogo moja, aghalabu la mwembe, lililochongwa kwa tezo. Ubavuni ina mirengu inayoizuia isipinduke. Hayo ni ya kale. Ukiinua macho, mambo yanabadilika: tanga limeshonwa kwa viroba vya plastiki vilivyopasuliwa na kuunganishwa, au kwa kipande cha turubai, henza na demani ni kamba za nailoni, maji yanayoingia yanachotwa kwa dumu la mafuta ya kula lililokatwa kichwa. Wavu uliolundikwa ndani unaelea kwa maboya, na ukiyatazama maboya yenyewe kwa karibu utakuta mengine ni vipande vya ndala vilivyokatwa na kutobolewa tundu katikati, soli ya bluu pembeni mwa ya kijani, alama ya kisigino cha mtu bado imo. Hakuna aliyemfundisha mvuvi huyo habari za kurejeleza taka. Ameokota kilichokuja na maji, akakipa kazi. Chombo kimoja kinabeba karne mbili: chini mti uliopandwa na babu wa mtu, juu petroli.

Lililo katikati ya karne hizo ni kuanguka kwa mkonge, na hapa hadithi ya Kikokwe inarudi baharini kwa njia ambayo Hindorf asingeweza kuiota. Katani ilikuwa kamba ya dunia: ya meli, ya kufungia majani ya ng'ombe Ulaya na Marekani, ya magunia. Kisha viwanda vikatoa kamba ya polipropilini, nyepesi, isiyooza, na rahisi kuliko katani. Bei ikaporomoka. Utaifishaji wa mwaka 1967 na uendeshaji mbovu uliofuata uliongeza mzigo, nami sitaki kuusafisha, ila hata shamba lililoendeshwa vizuri lisingeshindana na bomba la mafuta. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya kilele chake. Kamba iliyoiua katani ndiyo ile ile inayookotwa leo mchangani kutoka Tanga hadi Saadani, imejikunja pamoja na mwani, vifuniko na kandambili. Taka hizo nyingine zimetoka jirani, nyingine mbali: katika fukwe za Kenya watafiti wamekuta chupa zenye asili ya Indonesia, zilizovuka bahari nzima.

Katika mkondo huo wa mambo ndipo lilipoundwa jahazi la Flipflopi. Kazi ilifanyika Lamu chini ya Ali Skanda, fundi wa majahazi anayejulikana, pamoja na wenzake Ben Morison na Dipesh Pabari, na chombo kilishushwa majini Septemba 2018. Urefu wake ni mita tisa. Kiliundwa kwa takriban tani kumi za plastiki iliyookotwa, ikasagwa, ikayeyushwa na kumiminwa katika umbo la mkuku, mataruma na mbao, kisha ikafunikwa kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000, ambavyo ndivyo vinavyolipa zile rangi za kanga. Mapema mwaka 2019, kwa pepo za kaskazi, kilisafiri kilomita mia tano kutoka Lamu hadi Unguja, kikitia nanga njiani na kufanya mikutano. Mwaka 2021 kikasafiri pia katika Ziwa Victoria.

Linalonivutia mimi ni karakana, kabla ya safari. Mafundi walioshika kazi ile walikuwa wa mila ya Lamu, watu wanaounda chombo kwa jicho bila ramani ya karatasi, na vifaa vyao vilikuwa vile vile vya mbao. Plastiki haikatalii msumeno, lakini haina uzi wa mti. Inapinda pasipotarajiwa, ni nzito, na ugumu wake hutegemea mchanganyiko ulioingia kwenye chungu. Fundi aliyezoea kuujua mti kwa jina lake, kama ni mtondoo au mkoko, alikabidhiwa kitu ambacho jana kilikuwa chupa ya sabuni, sahani na kiti cha hoteli. Hapo ndipo tafakuri ilipofanyika, mkononi, kwa jasho, kwa majaribio ya takriban miaka miwili, na matokeo yake ni maarifa kamili: kwamba taka hii ina nguvu kiasi gani, inavunjikia wapi, inataka gharama gani kabla haijawa ubao. Ulinganishe na mtepe, chombo cha pwani hiyo hiyo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ambacho kilipotea katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Mitepe iliyozeeka ilioza yote, hata wanaoichunguza leo wanategemea picha na vielelezo vidogo. Jahazi la plastiki halitawapa wajukuu wetu shida hiyo.

Wapo wanaolikataa kabisa, na hoja zao ni nzito kuliko zinavyopewa nafasi. Wa kwanza husema tani kumi si kitu, bahari haihisi. Wa pili husema taka ikishapambwa inasamehewa, na kampuni inayotengeneza chupa hufurahi kusimama karibu na jahazi lenye rangi nzuri kuliko karibu na jalala. Wa tatu, na huyu ndiye anayenisumbua, husema plastiki inayosuguliwa na mawimbi humwaga chembe ndogo, hivyo chombo cha plastiki ni njia ya polepole ya kuirudisha taka baharini. Kwa yule wa kwanza jibu ni jepesi: hakuna aliyelitaka jahazi lisafishe bahari. Kama ni usafi, sheria imefanya zaidi. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, na tofauti ilionekana mitaroni bila msaada wa msanii. Wa pili na wa tatu wana haki, na ndiyo maana nasisitiza kipimo cha malighafi. Kipimo hicho hakimpi msanii cheti cha uadilifu. Kinamlazimisha ajibu swali la mwisho, lile la kitu kitakwenda wapi, na jahazi la Flipflopi linalijibu nusu tu.

Tazama pia karakana ya Ocean Sole jijini Nairobi, iliyotokana na kazi aliyoianza Julie Church baada ya kuona, upande wa Kiwayu miaka ya 1990, jinsi watoto walivyochonga vichezeo kutoka ndala zilizoletwa na maji. Leo wachongaji wake hugundisha soli hizo ziwe mabonge, wakazichonga twiga, tembo, simba na kasa. Ni wanyama wale wale wa Tingatinga, kwa wanunuzi wale wale. Mtu anayehukumu kwa picha atasema hakuna kilichobadilika tangu Morogoro Stores. Anayehukumu kwa malighafi ataona kwamba tembo wa mwaka 1970 alipakwa rangi mpya ya dukani na tembo wa leo amechongwa kutoka kwenye kiatu kilichokwisha kuvaliwa na kutupwa. Miaka hamsini imetosha kuhamisha chimbuko la vitu rahisi kutoka dukani hadi mchangani.

Katika hatua hii kuna rafiki wa mazingira ambaye huwa ananikatiza. Basi turudi kwenye vya asili, husema: kamba iwe katani, tanga liwe pamba, mfuko uwe wa mkonge, na msanii achonge mti. Maneno matamu, na mkonge una sifa zake za haki. Unaoza, unaajiri watu, na pale Hale wahandisi wameonyesha kuwa hata makapi yake yanaweza kutoa gesi ya kuzalisha umeme. Lakini mwenye kusema hivyo apite kwanza Kikokwe. Kitu kinachooza kinaweza kuwa kimeoteshwa juu ya kaburi la msitu. Mkonge wa Tanga uliotesha utajiri kwa kuifyeka miti ya pwani na nyanda za chini za Usambara na kuijaza mito makapi machachu, na ulifanya hivyo kwa nguvu za watu walioletwa kwa namba kama mizigo. Hata gogo la ngalawa si la asili kwa maana anayoitaka yeye. Mwembe wenyewe ulivuka bahari kutoka Bara Hindi. Hakuna malighafi isiyo na nyuma yake, na msanii anayejinadi kuwa safi kwa sababu anatumia ukindu na udongo amejinyima swali moja muhimu.

Nimelisukuma dai langu hadi hapa kwa sababu naamini lina nguvu. Lina mahali linapokwama pia, na mahali hapo panaonekana kutoka Ushongo kwa macho matupu maji yakiwa yamekupwa. Takriban kilomita nane baharini lipo fungu la mchanga liitwalo Maziwe. Kilikuwa kisiwa. Kilikuwa na mivinje mikubwa, wavuvi walipumzika kivulini mwake, na kasa wa aina tatu walitaga pale kwa wingi hata watafiti wa miaka ya 1970 wakakihesabu miongoni mwa mahali muhimu kuliko pote Afrika Mashariki kwa wanyama hao. Ilipoingia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na mchanga umepoteza uti wake wa mgongo. Leo bamvua likijaa Maziwe yote huzama. Ni hifadhi ya bahari kisheria. Kasa bado huja, kwa kuwa hawana habari, na mayai wanayotaga yangefunikwa na maji yasingehamishwa. Shirika la Sea Sense pamoja na wanakijiji huyahamishia ufukoni Ushongo, yakafukiwa upya, na baada ya miezi miwili hivi vifaranga hutoka mbele ya wageni waliolipa kiingilio, fedha ambazo sehemu yake hubaki kijijini.

Kisiwa hicho huenda kimekufa kwa sababu ya watu, walau kwa sehemu, lakini hakikuacha malighafi. Hakuna ubao wa Maziwe, hakuna ndala ya Maziwe, hakuna kitu cha kuokota na kukichonga. Vivyo hivyo tumbawe lililopasuliwa na baruti, balaa lililoitesa pwani ya Tanga tangu miaka ya 1960, lililopigwa marufuku na sheria ya uvuvi ya 1970 na kupungua sana baada ya msako wa vyombo vya dola kuanzia 2016: linageuka kifusi, na kifusi hakimwambii mtu kilikuwa bustani. Yapo madhara yanayojaza ufuko na yapo yanayouacha mtupu, na haya ya pili ndiyo makubwa. Nakubali kwamba plastiki imetupofusha hapo. Inaonekana, inashikika, inapigika picha, na msanii huikimbilia kwa urahisi ule ule niliousifu kwa Tingatinga.

Kwa Maziwe, basi, anahitajika mchoraji wa picha, yule niliyemweka pembeni tangu mwanzo, na kazi yake si nyepesi. Wenye umri wa miaka sitini na zaidi pale Ushongo wanaweza kumweleza mivinje ilikaa upande gani na dau liliegeshwa wapi. Hawatamwambia kwa kauli moja miti iliondokaje. Wako wanaosema ilikatwa kwa kuni na mbao, wako wanaosema bahari ilianza kuila mizizi kabla panga halijafika, na wanasayansi nao wamegawanyika katika uzito wa kila sababu: ukataji, mikondo iliyobadilika, kina cha bahari kinachopanda. Ripoti inaweza kuziorodhesha zote tatu na kuacha nafasi. Ubao wa mraba hauna orodha. Mchoraji itambidi aamue kama panga limo ndani ya picha, na likiwemo, limo mkononi mwa nani.